WhatsApp, Telegram, Facebook au TikTok: mkutubi aanze kujifunza kipi?

Mkuu wa maktaba akitoka semina hurudi na agizo moja: na sisi tuwe mitandaoni. Agizo linashuka ngazi hadi linamfikia wa mwisho kuajiriwa, kwa hoja kwamba yeye ni kijana na simu yake inakaa na chaji. Jioni ile ile kijana anafungua Facebook, Instagram na TikTok, na kama ana bidii anaongeza Telegram. Kote anabandika picha moja ya jengo na maneno "Karibuni maktaba yetu". Wiki ya tatu amechoka. Ukipita mwaka unaofuata unazikuta akaunti zote nne na jengo lao, na chini ya picha mtu ameuliza "Jumamosi mnafungua?", hajajibiwa hadi leo.

Ulinganisho huu ni wa kijana huyo, na wa dada au kaka wa dawati la azima ambaye hajawahi kuposti kitu cha kazini na sasa anaambiwa ajifunze. Ninayoifikiria ni maktaba ya mkoa au ya kaunti, Tanzania na Kenya: wafanyakazi wachache, bando la kupimiwa, na wasomaji ambao wengi ni wanafunzi wa sekondari na watahiniwa binafsi. Maktaba ya chuo kikuu yenye idara yake ya TEHAMA ina mambo mengine.

Msimamo wangu ni huu. Jifunze WhatsApp Business mpaka uimudu kabla ya kugusa kingine. Ukurasa wa Facebook ufuate. Telegram uifungue kama una wanafunzi wengi na sheria ya hakimiliki unaielewa. TikTok na Instagram ni za mwenye kipaji, na kipaji hakigawiwi kwa barua ya ofisi.

Watu wanatuuliza nini hasa

Kaa dawatini asubuhi moja usikilize. Mnafunga saa ngapi? Kujiunga ni shilingi ngapi, na picha za pasipoti ngapi? Kitabu fulani kipo au kimeazimwa? Kuna nafasi ya kukaa au wanafunzi wameshajaza? Mitihani ikikaribia swali linakuwa moja tu: mna maswali ya miaka iliyopita?

Hakuna hapo swali linalodai video wala muziki. Yote yanamtaka mtu ajibu mapema na ajibu sahihi. Ndiyo maana chombo cha mazungumzo kinakitangulia chombo cha maonyesho.

Kuna kipimo kingine ambacho wanaoendesha semina hawakitaji. Msomaji wa maktaba ni wa hapa hapa. Muuza nguo akipata mteja wa mbali anatuma mzigo kwa basi, lakini aliye Mtwara hawezi kuazima kitabu Mwanza. Video yako ikitazamwa na watu elfu kumi, na kati ya kila kumi tisa wako mikoa mingine, umepata sifa, hujapata wasomaji. Usiruhusu ripoti ya robo mwaka ipime kazi yako kwa idadi ya wafuasi.

WhatsApp ni vitu vinne

Watu husema "sisi tuna WhatsApp" kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani yake mna kundi, chaneli, orodha ya matangazo na akaunti ya WhatsApp Business, na tofauti zake ndizo zinazostahili muda wako wa kujifunza kuliko kitu kingine chochote katika makala hii.

Kundi ndilo rahisi kuanzisha na ndilo baya kuliko yote kwa maktaba ya umma. Tangu mwishoni mwa 2022 linaweza kubeba watu 1,024, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kila aliyemo anaona namba za wengine. Binti wa kidato cha tatu aliyejiunga ili aulizie kitabu cha Biolojia anaanza kupokea "mambo" saa nne usiku kutoka kwa baba mzima asiyemjua. Maktaba ndiyo iliyoitoa namba yake. Halafu yanaingia matangazo ya mikopo, michango ya harusi, video za maombi na salamu za Ijumaa, na tangazo lako la kufunga mapema linazama chini.

Jingine ni siri ya msomaji. Anachosoma mtu ni chake, na maadili ya wakutubi yaliyotolewa na IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, mwaka 2012 yanalisema hilo bila kuzunguka. Sasa fikiria mama anayetaka kitabu kuhusu sheria ya talaka, au kijana anayetaka kusoma kuhusu VVU. Dawatini angekuinamia akakunong'oneza. Kwenye kundi anauliza mbele ya watu mia tatu, wakiwemo mashemeji. Kwa hiyo hataki kuuliza, na wewe utadhani hana haja. Baya zaidi nimeliona kwenye makundi ya namna hii: orodha ya "wadaiwa sugu" wa vitabu, majina kamili na namba za simu. Usifanye hivyo hata mkuu akikuagiza. Mwandikie mdaiwa peke yake.

Chaneli ilikuja mwaka 2023, ikaanzia Kolombia na Singapore mwezi Juni, nchi nyingine nyingi zikaipata Septemba. Mfuasi hamwoni mfuasi mwenzake na namba yake haianikwi. Wewe unatangaza, wao wanasoma na kuweka emoji. Kwa matangazo sijaona kinachoizidi: kesho ni sikukuu tumefunga, umeme umekatika chumba cha kompyuta hakitumiki, vitabu vipya vya kidato cha tano vimefika. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuzungumza na mtu humo. Basi kila tangazo limalizie na namba ya kuuliza.

Orodha ya matangazo (broadcast) hutuma ujumbe mmoja kwa wengi, kila mmoja kivyake, lakini inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi hawalijui hilo, wanatuma na kushangaa mbona kimya. Kama utaitumia, siku msomaji anapojaza fomu ya uanachama mwombe aitoe simu aihifadhi namba ya maktaba hapo hapo mbele yako.

Sasa WhatsApp Business. Ni programu ya bure, ipo tangu Januari 2018, na jina lake linawafukuza watu wa maktaba kwa sababu wanadhani ni ya wauza duka. Inakupa mahali pa kuweka saa za kazi na ramani, ujumbe unaojibu wenyewe ofisi ikiwa imefungwa, majibu ya haraka na lebo. Majibu ya haraka ndiyo hazina. Unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, kisha ukiandika mkwaju (/) na jina hilo jibu zima linajitokeza.

Tazama kazi yake ilivyo. Ujumbe unaingia:

"Shikamoo madam. Samahani, mna kitabu cha Fizikia form four?"

Aliye dawatini anaandika "Marahaba mwanangu. Zipo nakala mbili, moja ya kuazima na moja ya kusomea humu ndani. Nikuwekee?" Kisha anapiga /uanachama, na masharti ya kujiunga yanatoka yote: ada, picha, barua ya shule, mdhamini. Mwanafunzi akijibu "Ndio madam, nakuja kesho baada ya vipindi", mazungumzo yanapewa lebo ya "amewekewa", na kitabu kinatolewa rafuni kinawekwa chini ya dawati na kikaratasi. Kesho yake asipofika, lebo inamkumbusha mfanyakazi wa zamu ya jioni, ambaye jana hakuwepo.

Simu yenyewe inaweza kulala kwenye droo. Akaunti moja huunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo kompyuta ya dawati inatosha, na hakuna anayetuhumiwa kuchati saa za kazi.

Hatari ya WhatsApp ni moja na ni kubwa: imefungwa kwenye laini. Laini zetu zinasajiliwa kwa jina la mtu, Tanzania hata kwa alama za vidole, na mtu huhamishwa kituo. Akiondoka na laini yake, maktaba imepoteza kila mazungumzo na kila mfuasi. Omba laini isajiliwe kwa jina la taasisi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na namba ya siri uiandike kwenye faili la makabidhiano, pamoja na funguo za kabati. Usisahau pia kuiwekea laini salio, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine.

Facebook: ya wazazi, na ya kuonekana

Wanafunzi watakucheka ukiwaambia wakufuate Facebook. Waache wacheke. Walioko huko ni wazazi wao, walimu, madiwani, wastaafu, na yule mzaliwa wa mji wenu anayeishi ughaibuni ambaye siku moja anaweza kuuliza namna ya kuchangia vitabu.

Tofauti ya lazima kuijua ni kati ya wasifu na ukurasa. Maktaba nyingi zimefunguliwa kama mtu: jina la kwanza "Maktaba", la ukoo "Mkoa", na marafiki wanaoombwa urafiki. Wasifu wa hivyo unagota kwenye marafiki 5,000, na Facebook ikigundua kwamba huyo si mtu inaweza kuufunga. Ukurasa hauna kikomo hicho. Zaidi ya hilo, unaendeshwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa akaunti yake, bila kupeana nywila. Aliyehamishwa anaondolewa, ukurasa unabaki. Kwa ofisi ya umma jambo hili peke yake linaipa Facebook alama ambayo WhatsApp haiipati.

Unaweza pia kupanga posti za wiki nzima Jumatatu asubuhi intaneti ikiwa nzuri, zikatoka zenyewe siku baada ya siku. Usitegemee tu kwamba kila mfuasi ataziona. Facebook humwonyesha mtu inachotaka yeye aone, na posti ya maktaba haishindani na ya harusi.

Kwa anayetaka kuviona pamoja:

| Chombo | Wasomaji wanaonana namba? | Mgeni anakuta ya nyuma? | Msomaji anajibuje? |
|---|---|---|---|
| Kundi la WhatsApp | Ndiyo | Kwa kawaida hapana | Mbele ya wote |
| Chaneli ya WhatsApp | Hapana | Ya karibuni | Kwa emoji |
| WhatsApp Business | Hapana | Haihusiki | Faraghani |
| Ukurasa wa Facebook | Hapana, jina tu akitoa maoni | Ndiyo | Hadharani au faraghani |
| Chaneli ya Telegram | Hapana | Yote | Ukiruhusu maoni |

Telegram na mtego wa PDF

Kwa kutunza na kutafuta, Telegram inawashinda wote. Chaneli yake haina kikomo cha wafuasi, kundi linabeba hadi watu 200,000, faili moja linaweza kufika GB 2, na aliyejiunga leo anakuta kila kilichowekwa tangu siku ya kwanza. Anaandika "Jiografia 2019" kwenye kisanduku cha kutafuta na kinamjia. Mkutubi anayependa mpangilio ataipenda, maana ndiyo pekee kati ya hizi inayofanana kidogo na rafu.

Lakini wanafunzi wako wameshafika huko kabla yako, na wanachofuata ni vitabu vya kiada vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa bila ruhusa ya mtu. Maktaba ikifungua chaneli wataomba hivyo hivyo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA ya kuisimamia, Kenya ina sheria yake ya 2001 na KECOBO. Mkutubi kugawa kitabu kizima kwa PDF ni sawa na mganga kuuza dawa zilizoibwa, na "nilitaka kuwasaidia watoto" haitamwokoa.

Kuna vya halali vya kutosha kuanzia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, basi tuma kiungo, usitume faili. African Storybook ina hadithi za watoto za Kiswahili zenye leseni huria, hizo unaweza kuzisambaza, kuzichapa na kuzisoma kwa sauti mradi umemtaja mwandishi. Ongeza orodha ya vitabu vyenu vipya na matangazo ya mafunzo, chaneli imetosha.

Kwa wa Kenya kuna jingine la kuzingatia. Telegram ilizuiwa huko wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, kwa sababu ya makundi yaliyodai kuuza mitihani. Yaani chombo kilifungwa majuma yale yale ambayo mtahiniwa anakihitaji. Usiweke kitu Telegram ambacho hakipo mahali pengine.

TikTok, Instagram, X

TikTok ina haki moja ambayo wengine wameikataa: akaunti ya jana isiyo na wafuasi inaweza kuonyeshwa kwa maelfu leo. Kama kuna mtumishi ambaye tayari anarekodi, anapenda kamera na ana ulimi, mpe nafasi. Sekunde 40 za mkutubi anayeeleza kitabu alichokisoma kweli zinamvuta kijana kuliko bango lolote. Kama hayupo, achana nayo. Kumlazimisha mama wa idara ya uorodheshaji acheze mbele ya simu ni kumvunjia heshima, na watazamaji wanaona.

Instagram ni nzuri kwa maktaba za mijini zenye maonyesho na waandishi wanaozuru. Ujue tu kwamba kiungo ukikiandika chini ya picha hakibonyezeki, na mkutubi kazi yake nusu ni viungo.

X, iliyokuwa Twitter, kwa Tanzania ilizuiwa Mei 2025. Ofisi ya umma haina sababu ya kujenga nyumba huko. Nairobi ni habari tofauti: mijadala ya mji iko pale, na maktaba yenye jambo la kutetea, mathalani bajeti yake, itasikika.

Kile ambacho hakuna anayekitaja

Kabla ya yote haya tafuta maktaba yako kwenye Google Maps. Huenda ipo, imewekwa na mpita njia, ikiwa na saa zisizo sahihi na pini iliyochomekwa kwenye sheli ya jirani. Idai iwe yako, sahihisha saa, weka namba ya simu na picha tatu: mlango, chumba cha kusomea, ubao wa ada. Haidai posti za kila wiki, na inajibu nusu ya maswali ya dawatini. Wasomaji huacha maoni humo pia, mengine makali. Yajibu kwa adabu, kwa sababu anayesoma jibu lako ni yule ambaye bado hajaja.

Ujifunze vyote au kimoja?

Wenzetu wa Marekani waliwahi kujaribu njia ya kuonja vyote. Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, North Carolina, aliwapangia watumishi mambo 23 ya kujaribu kwa majuma kadhaa: kufungua blogu, kupandisha picha Flickr, kupanga vitabu LibraryThing, kusikiliza podikasti. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, na aliyemaliza alizawadiwa kifaa cha MP3. Maktaba nyingi duniani ziliuiga mpango huo.

Ninachokihusudu pale ni ruhusa. Mtumishi aliambiwa cheza, ni sehemu ya kazi. Kwetu anayeshika simu dawatini anaonekana mvivu, kwa hiyo anajifunzia nyumbani, usiku, kwa bando lake. Hilo mkuu anaweza kulirekebisha kesho kwa kutenga saa moja ya Ijumaa mchana na bando la ofisi.

Vitu 23 sivihusudu. Bloglines na Delicious, vilivyokuwa kwenye orodha ile, vimeshakufa. Kwa maktaba ya watu watano, muhula mmoja wa WhatsApp Business unafunza zaidi: mwezi wa kwanza mnaandika majibu ya haraka pamoja, mkibishana kuhusu maneno, mwezi wa pili kila mmoja anashika zamu ya kujibu, wa tatu mnafungua chaneli. Mwenye umri mkubwa msimwache nyuma. Yeye ndiye anayejua majibu, na kinachomshinda ni vidole tu.

Picha za watoto

Chombo chochote utakachochagua, siku ya saa ya hadithi utatamani kupiga picha. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Weka kipengele cha idhini kwenye fomu ya uanachama wa mtoto, mzazi asaini au akatae. Ukiwa na shaka piga picha mikono iliyoshika vitabu, au piga kutoka nyuma. Inapendeza vile vile.

Kama maktaba haina simu yake

Hali hii ni ya wengi. Hapo mpangilio wangu unabadilika: anza na Google Maps na ukurasa wa Facebook, ambavyo havidai laini, na WhatsApp isubiri. Usiitoe namba yako binafsi kwa muda tu wakati unangoja. Namba ikishabandikwa mlangoni haitoki tena, na utaulizwa habari za vitabu vya Fizikia hadi siku ya kustaafu. Andika barua ya kuomba simu na laini ya ofisi, ambatisha daftari la maswali yaliyoulizwa dawatini kwa mwezi mmoja, na omba kibali cha kutumia jina na nembo ya taasisi mitandaoni kwa barua hiyo hiyo, ili usiandike mbili.